Sindano za Umeme

Feni ya karakana yetu ilikaa karibu mwaka mzima bila kuwashwa, na wa kulaumiwa ni Umeme. Sisemi umeme wa kwenye nyaya. Nasema mshonaji mwenzangu, ambaye cherehani yake na yangu zimepakana. Jina hilo alipewa na Bosi siku za mwanzo kabisa, alipomwona anapima kitambaa, anakaa, anasimama, anachungulia dirishani, anarudi, anakaa tena, na pazia limekwisha wakati sisi wengine bado tunaulizana mkasi uko wapi. "Huyu dada ana umeme mwilini," Bosi akasema, na jina likashika. Akienda msalani tunasema umeme umekatika.

Tunashona mapazia na vitambaa vya makochi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Bati liko karibu na vichwa vyetu, na jua likishapanda mle ndani panakuwa tanuri. Pasi inafuka mvuke, ovaloki inakoroma ikizungushia pindo uzi, na vumbi la kitambaa linakwama kooni. Mimi joto linanibadilisha tabia, watu wote wanajua. Kwa hiyo siku Umeme aliponyanyuka mbio akazima feni, nilimwuliza kwa sauti ya kutosha kama amelala na homa. Akasema upepo unampeperushia vumbi machoni. Kesho yake akaizima tena. Halafu akahamisha kiti chake na cherehani yake akajibanza pembeni, penye giza, ambapo hata tundu la sindano halionekani, na kila mlango ulipofunguliwa mkono wake ulipanda kichwani. Nikajua hapa pana jambo.

Nikamfuata kwenye kachumba tunakoweka roli za vitambaa. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo, wigi mkononi, ameshika kioo kingine kidogo cha wanja anajitafuta kisogoni.

Hakupiga kelele. "Shoga," akasema, "funga mlango."

Nikafunga. Nyuma ya sikio la kushoto hapakuwa na nywele kabisa, upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Juu utosini palikuwa na pengo jingine, dogo zaidi. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, haina upele wala ukurutu.

"Si mapunye," akawahi kabla sijafungua mdomo. "Naapa si mapunye."

Mimi sikuwa nimewaza mapunye, lakini alipoyataja nikayawaza, na asije mtu akanidanganya kwamba yeye asingeyawaza. Mapunye tuliyajua tangu shuleni, yale madoa ya kichwani ambayo mtoto akiwa nayo hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja. Mtu mzima mwenye mapunye hata salamu anapewa kwa mbali. Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi Umeme hatundiki mtandio wake kwenye msumari wetu wa pamoja, anauviringisha na kuusukumia kwenye mkoba.

Akanihadithia haraka haraka, huku anazunguka katika kale kachumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa kwa msusi wake, wanaongea na kucheka, mara vidole vya msusi vikasimama. "Dada, hapa pana pengo," msusi akamwambia, na wateja wote wakageuza shingo. Umeme akatoka kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, akajifunga kitambaa, na kwa msusi yule hajarudi hadi leo. Akajaribu vitunguu. Alivisaga, akajipaka maji yake, akajifunga mfuko wa nailoni, akasubiri. Mumewe akarudi kutoka kazini, akanusa, akauliza kwa furaha leo wanakula nini.

"Mwambie mumeo," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba zimekwisha?"

Hapo lazima nieleze. Mumewe ni fundi friji. Walikutana pale pale karakana, alipokuja kutengeneza friji ya vinywaji ya duka la jirani akapanda ngazi kuomba maji ya kunywa. Umeme siku hizo alikuwa na nywele za kutosha watu wawili, amezifunga fundo moja kubwa. Fundi aliyanywa maji, akarudisha kikombe, akasema, "Dada, samahani, hizo ni zako au umeazima?" Umeme akamwambia avute aone. Akavuta. Kisa hicho Umeme amekisimulia mara nyingi mno, kwenye sherehe, kwenye foleni, hata kwa wateja wasiouliza, na kila akikisimulia mumewe anachekelea akiwa kando. Sasa nywele zenyewe zinamtoka, na yeye ameshika jambo moja kichwani kwamba mumewe akiona, ataondoka. Nilimwambia ni upuuzi. Akaniuliza, "Atakaa kwa ajili ya nini? Mtoto sijampa, nywele nazo hizi."

Hilo la mtoto ndilo lilikuwa donda la nyumba ile. Walikuwa wameoana muda wa kutosha kwa watu kuanza kuuliza, na muda mwingine zaidi kwa watu kuacha kuuliza, ambako ni kubaya zaidi. Wenyewe walikuwa wamemtafuta mtoto na kulizungumza jambo hilo mpaka kila mazungumzo yakawa yanaishia kwa kilio, basi wakakubaliana wasilitaje tena. Neno mtoto lilitoka nyumbani kwao likabaki kwa mama mkwe peke yake.

Nilimburuta kwa daktari wa ngozi. Ni hospitali ndogo ya ghorofa ng'ambo ya barabara kuu, na daktari huyo huja kwa zamu. Alikuwa kijana wa mikono baridi, mtaratibu mpaka anakera. Alimpapasa kichwa chote, akavuta unywele mmoja mmoja kuzunguka mapengo, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema si mapunye, hauambukizi, si uchafu, wala hakuna aliyemroga. Kinga ya mwili wake mwenyewe imekosea adui, inashambulia mashina ya nywele.

"Kwa hiyo ni mimi najing'oa," Umeme akasema.

"Si wewe. Ni mwili."

"Na mimi ni nani?"

Daktari akacheka kidogo, akaendelea. Iko dawa, akasema, inachomwa pale pale penye pengo, chini kidogo tu ya ngozi, inarudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Wengi zinaota. Wengine zinaota hapa zinaachia pale. Hawezi kumwapia. Halafu akamwuliza kama ana mimba. Hana. Wanatafuta? Umeme akatazama viatu vyake akasema wanatafuta. Daktari akamwambia siku zake zikichelewa aseme kabla hajaguswa na sindano yoyote. Umeme akaitikia kwa kichwa.

Sindano ya kichwa mimi nilidhani ni moja, unachomwa unakwenda zako. Kumbe! Nesi alimwekea barafu iliyofungwa kwenye shashi mpaka ngozi ikafa ganzi nusu. Kisha daktari akachukua kasindano kembamba, akachoma, akasukuma tone, akachomoa, akachoma tena upana wa ukucha kando yake, akasukuma, akachomoa, akaendelea hivyo hivyo akizunguka pengo lote, kama sisi tunavyopiga bandi kabla ya kushona moja kwa moja. Kila alipochoma ngozi ilivimba kidogo ikawa nyeupe. Vidoa vya damu vilijitokeza nyuma yake. Umeme alikuwa ameniminya mkono mpaka pete yangu ikaniingia nyamani.

"Dada, tulia," daktari akamwambia.

"Nimetulia."

"Miguu."

Miguu ilikuwa inacheza chini ya kitanda kana kwamba iko kwenye pedeli ya cherehani. Nikaikalia. Sioni aibu kusema kwamba niliikalia miguu ya mtu mzima hospitalini, la sivyo daktari angemtoboa sikio.

Baada ya hapo alikwenda mwenyewe. Wiki zilipita, akachomwa tena, zikapita tena, na katikati alikuwa hashikiki. Alijipapasa kila dakika. Alinivuta kwenye kachumba ka roli nimwangalie, asubuhi hakuna kitu, mchana hakuna kitu, na jioni aliniita tena kana kwamba ni mchicha umemwagiliwa. Nilimwambia akiniita mara nyingine nitampaka wanja. Mpaka siku moja alipanda ngazi za karakana mbio, mkoba unampigapiga, akafungua mlango kwa bega na kupiga kelele, "Nimeota! Jamani, nimeota!"

Bosi alikuwa amesimama mezani na mita shingoni. "Umeota nini mchana huu?"

Umeme akaganda. Alikuwa amesahau kwamba Bosi hajui. "Nimeota..." akasema, "nimeota tumehamia jengo lenye kiyoyozi."

Tulicheka mpaka ovaloki ikasimama. Bosi hakucheka. Lakini nilipomwangalia kachumbani, kweli nyuma ya sikio palikuwa na vinyweleo vyeupe, laini, vya kuonekana ukivitafuta kwa mwanga wa pembeni. Umeme alilia, akanipiga begani, akaniambia nisimguse, akaniambia nimguse. Utosini bado palikuwa peupe.

Nyumbani hakusema kitu. Alilala na kilemba, na mumewe alidhani ndivyo wanawake wanavyolala siku hizi. Siku za hospitali alimwambia anakwenda kununua sindano. Kwa mshonaji hilo si neno la kutiliwa shaka, maana vile vitambaa vizito vya makochi vinavunja sindano za cherehani kila mara. Mumewe alikuwa anamtania kwamba karakana yetu inakula sindano kama karanga. Umeme alijipongeza kwa uongo wake, akaniambia si uongo hata kidogo, si ni sindano kweli? Nilimwambia anajichimbia. Hakunisikia, yeye akishapata njia ya mkato hata taa nyekundu haioni.

Alichosahau ni kwamba neno hilo lina maana nyingine, na si ngeni kwa mtu yeyote. Mwanamke wa ndoa akisema anachoma sindano, bila kuongeza kitu, hakuna anayeuliza sindano ya nini. Ni ya kuzuia mimba. Na pale hospitali chumba cha sindano ni kimoja. Watoto wa chanjo wanaingia mlango huo huo, wenye vidonda huo huo, na wale wanawake wanaokwenda kila miezi mitatu huo huo.

Mama mkwe wake anapimwa presha pale. Simchukii yule mama. Magoti yanamsumbua, lakini masikio yake ni mazima kabisa. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi la korido, kati ya wanawake wengine, akamwona mkwewe anatoka chumba cha sindano kajitanda mtandio hadi kwenye nyusi, anatembea kama anayefukuzwa. Kabla hajamwita, nesi akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe wa sindano!" nesi akapaza sauti. "Usipitilize tarehe, ukipitiliza tunaanza upya!"

Benchi zima likasikia. Umeme hakugeuka, alipunga mkono tu akakata kona. Mama mkwe hakwenda kupima presha tena. Nadhani hakukuwa na haja, yeye mwenyewe aliisikia ikipanda. Akatoka pale moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mwanawe, akamkuta amelala kifudifudi nyuma ya friji ya mtu, akamwambia ainuke.

Yaliyofuata nyumbani nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanafanana neno kwa neno. Ndiyo maana nathubutu kuyaandika. Yananipandisha hasira hadi leo.

Mume aliingia akamkuta mkewe anakunja nguo. Hakukaa.

"Mama amekuona hospitali," akasema.

Umeme akaweka shati chini. "Ameniona wapi?"

"Mlangoni kwa chumba cha sindano. Na amemsikia nesi kwa masikio yake. Kweli au si kweli?"

Siku aliyokuwa akiikimbia ikawa imefika, Umeme akaona hivyo. "Kweli," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

"Na mimi hukuniambia."

"Niliona aibu. Nilitaka mambo yatulie kwanza."

"Yatulie!" Mume akazunguka chumba. "Mimi nakutetea kwa mama kila siku. Kila siku! Watu wananicheka, nanyamaza, kumbe mwenzangu unafanya haya pembeni."

Umeme aliposikia hilo la kuchekwa, akawaona watu hao, wanacheka kichwa chake. Kwa hiyo wameshajua. Kwa hiyo amekuwa akitembea na wigi mbele ya watu wanaojua. "Basi huwezi kuishi na mimi hivi," akasema.

"Hivi? Hapana. Hivi siwezi. Ziache hizo sindano."

"Nikiacha sasa hivi kazi yote imepotea. Daktari amesema nisiruke hata moja."

"Yaani unaniambia usoni kwamba utaendelea?"

"Mwili ni wangu mimi," Umeme akasema. "Wewe unaona tu."

Angalia hapo. Hakuna neno moja ambalo halikuingia sawasawa kwenye sikio la mwenzake, na hakuna mmoja aliyejua mwenzake anazungumzia nini. Kama wangelitaja lile neno walilokatazana, mtoto, yote yangefumuka palepale. Hawakulitaja. Mume alichukua begi la vifaa, akatia mashati mawili juu ya bisibisi na mirija ya shaba, akaenda kwa mama yake. Mke akabaki na nguo nusu zimekunjwa, akijua ameachwa kwa sababu ya upara.

Siku zile zilikuwa mbaya. Umeme alikuja kazini kila siku mapema kupita kiasi, akashona asichotumwa, akafumua alichoshona. Alikata kitambaa cha mteja kichwa chini, maua yote yakaangalia sakafuni, Bosi akashika kiuno. Alitoka nje, akarudi, akaangalia simu, akaizima, akaiwasha aone kama kuna aliyepiga ilipokuwa imezimwa. Pengo jipya likatokea juu ya paji la uso, mahali ambapo wigi halifiki vizuri, akalifunika kwa kitambaa. Tarehe ya sindano ikapita. Nilimwambia twende, nitakukalia miguu. Akasema, "Ili iweje? Niliyetaka asione ameshaona."

Mimi nilikuwa nimechemka. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia, bila kutaja jina, kwamba kuna wanaume wanaacha wake zao kwa ajili ya nywele, na kwamba mimi mwanaume wa hivyo nikimpata mkononi atanitambua. Nikampata.

Alikuja mchana, wenzetu wengine wamekwenda kufunga mapazia kwa mteja, tumebaki mimi na Umeme, na Bosi anayepima kitambaa mezani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, amekonda. Umeme alimwona, akainamisha uso, akaikanyaga pedeli, cherehani ikaanza kushona kitu ambacho hakikuwepo.

"Shemeji," fundi akasema, "nimekuja kwako, si kwake. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilimpeleka mimi."

"Ulimpeleka wewe!" Akaipiga kofia kwenye paja. "Shemeji, tumekula meza moja mimi na wewe."

"Na ningempeleka tena leo. Mwanaume mzima unabeba begi unarudi kwa mama yako kwa kitu kama kile! Huoni haya?"

"Kitu kama kile? Ni kitu kidogo hicho? Mimi nataka mtoto, shemeji! Nataka mtoto, na yeye anachoma sindano!"

"Mtoto na kichwa vinahusiana nini?" nikamfokea.

Akanitazama. "Kichwa gani?"

Cherehani ya Umeme ikanyamaza. Nami nikaanza kulirudia lile neno sindano, nikaligeuza, nikaona upande wake wa pili, na nikataka sakafu inimeze. Nilimgeukia Umeme. Alikuwa ameinua uso na macho yamemtoka, na niliona kabisa linavyomfikia. Mumewe hajui. Hajawahi kujua. Wakati wote ule aliodhani ameonekana, alikuwa bado amejificha, na hata sasa angeweza kuendelea kujificha kama angetaka. Ila akijificha, anabaki kuwa mwanamke anayemnyima mumewe mtoto kwa siri.

"Shemeji, ngoja nikueleze," nikaanza. "Hizi sindano si zile..."

"Wewe nyamaza," Umeme akaniambia.

Akasimama. Akafungua kitambaa, akakiweka juu ya cherehani. Akachomoa vibanio kimoja kimoja, akavishika kwa midomo kama tunavyoshika pini, akavua wigi. Jua la dirishani lilikuwa linamwangukia moja kwa moja. Utosi mweupe, pengo jipya la mbele, na vile vinyweleo nyuma ya sikio ambavyo vilikosa dawa vikaishia hapo. Bosi aligeukia ukuta, Mungu ambariki, akapima ukuta.

Fundi alitazama. Akakaa juu ya roli la kitambaa. Kisha akaanza kucheka.

"Nywele?" akasema. "Ni nywele tu? Hizo sindano ni za nywele? Jamani! Nywele tu!" Alicheka huku anafuta macho, anatikisa kichwa, anataka kutushirikisha wote kwenye kicheko chake. Nilitafuta rula ya chuma nimpige nayo. Baadaye nilielewa kwamba ni mzigo ulikuwa unamtoka. Wakati ule sikuelewa.

Umeme hakucheka. Alitoa vibanio mdomoni. "Tu?" akasema.

Mumewe akaendelea kucheka kidogo, kisha akapunguza.

"Siku zote hizi nimelala peke yangu nikijua umenikimbia kwa ajili ya hizi. Nikajua hivyo bila shida, sikushangaa hata kidogo. Na wewe ulijua nakunyima mtoto, nawe hukushangaa. Njoo hapa."

Akainuka, akaenda. Umeme alimshika kidole cha shahada akakiweka nyuma ya sikio lake.

"Hapa ndipo palipoanza. Ile wiki ulipopata kazi ya friji za hoteli, ukanibeba ukanizungusha. Nilikuwa nimeshapaona." Akakipeleka kidole utosini. "Hapa ulikuwa na homa, nimekushika kichwa usiku kucha na changu kinanitoka. Na hapa," akakishusha kwenye paji, "hapa ni papya. Pametoka ulipoondoka."

Fundi hakucheka tena. Kidole kilibaki pale alipokiweka. Alipapasa mwenyewe sasa, polepole, akarudi nyuma ya sikio, akavigusa vile vinyweleo, akarudi utosini.

"Mwaka mzima," akasema. "Nalala na wewe kitanda kimoja mwaka mzima. Mimi nilikuwa naangalia wapi?"

"Tumboni," Umeme akamjibu.